Kikombe Kimoja kwa Wote

Kwa miezi saba muosha maiti alikuwa akihudhuria ushirika wa Alhamisi, na kwa miezi saba zamu ya kukaribisha wenzake ilizunguka nyumba zote isipokuwa yake. Leo alikuja kuiomba. Alikuwa amekwisha kupaka chokaa ukuta wa sebuleni na kuazima viti sita kwa jirani.

Somo lilikuwa la Yesu na mwanamke Msamaria kisimani. Mwalimu wa ushirika, mama mpole mwenye sauti ya kubembeleza, alilifafanua vizuri: Wayahudi hawakuchangia vyombo na Wasamaria, lakini Bwana alimwomba mwanamke yule maji bila kinyaa.

"Na akakaa mjini kwao siku mbili," muosha maiti akadakia. "Mimi siombi siku mbili, mwalimu. Saa moja tu. Alhamisi ijayo mje kwangu."

Kisha mke wa fundi saa akaangua kicheko. "Kwako, Bi Jokofu? Tuje kwa miguu au tuje tumebebwa?"

Sebule nzima ikavunjika mbavu. Muosha maiti naye akacheka, kwa kuwa angenuna wangesema hana upendo.

"Jamani, msimtanie dada yetu," mwalimu akasema. "Hebu tuliishi somo papa hapa." Akajaza maji kikombe kikubwa cheupe, akamkabidhi yeye wa kwanza. "Kunywa, kisha mpe mwenzako. Sote kikombe kimoja."

Alikunywa funda moja kwa furaha. Kikombe kikapita kwa wanawake tisa. Kila mmoja alikiinua, akafumba macho, akasema amina. Yeye, aliyezoea kwa miaka kumi na minne kutazama shingo zisizo na uhai, aliziangalia koo zao. Hakuna hata moja iliyopanda wala kushuka. Mwalimu, aliyekuwa wa mwisho, alikigusisha kidevuni tu.

Kikamrudia mikononi, maji yakiwa palepale alipoyaacha.

"Na Alhamisi, mwalimu?"

"Aa, dada yangu, si tumekwisha kushirikiana?" Mwalimu akatabasamu. "Hicho kikombe nenda nacho, mpenzi. Kiwe kumbukumbu yako."

Wakapiga makofi. Alipoinuka kuaga, mwenye nyumba alimtangulia mbiombio hadi mlangoni, akamfungulia, asije akashika kitasa.