Theluji ya Ijumaa ya Mshahara

Kila Ijumaa ya mshahara, yaani kila baada ya wiki mbili, alfajiri, Lorna Haugen alivaa buti, akachukua beleshi nyuma ya mlango wa jikoni, akatoka kuzoa theluji. Hapo Harlingen, Texas, watu walikuwa wameshaanza kutoka jasho. Theluji iliangukia nyumba yake tu na kipande cha njia kilicho mbele yake, ikakomea kwenye ua wa jirani.

Sababu ilijulikana. Lorna alihama kutoka jimbo la kaskazini mwezi Septemba na kazi yake ya bima, akawa anaifanya kwa kompyuta mezani jikoni. Mwajiri alisahau kubadilisha anwani, hivyo kodi ya mapato ya jimbo la zamani ikaendelea kukatwa, ingawa Texas haina kodi hiyo. Kila ilipokatwa, theluji ilikuja.

Walikuwa wamehama kwa ajili ya Verlyn, mumewe. Mapafu yake yalikuwa yamechakaa, na daktari alisema wazi kwamba kipupwe kimoja zaidi cha huko kitammaliza. Sasa alikaa kitini na koti zito, mrija wa oksijeni puani, kioo cha dirisha kimeganda.

"Paka tulimwacha," alisema, "baridi tukaibeba."

Lorna alicheka, kisha akaenda bafuni kulia.

Chuy Garza, jirani, alifika na ndoo zake za kupozea bia. "Dada Lorna, ya leo laini kweli. Nichote mbili?"

"Chota zote, Chuy. Niondolee uchuro huu."

Lorna alipolalamika kazini, idara ya mishahara ilimjibu kwa upole. Hela zilishapelekwa jimbo la zamani, azidai huko, na mpaka jimbo likubali kwamba amehama, makato hayawezi kusimama. Lorna akajaza fomu. Akaambatanisha mkataba wa nyumba, bili ya umeme, leseni mpya ya udereva, na picha ya theluji juu ya paa, mtende ukionekana pembeni. Aliiona picha hiyo ndiyo ushahidi wake mkubwa kuliko wote. Serikali haina haraka na hela isiyo yake, kwa hiyo alisubiri wiki kumi na nne, na theluji ikaja mara saba.

Mwishowe karani wa jimbo la zamani alipiga simu.

"Mama, hapa naona theluji."

"Ndiyo malalamiko yangu, mwanangu. Inamuua mume wangu."

"Pole sana. Na hii njia ya mbele, nani kaisafisha?"

"Mimi."

"Kabla ya saa mbili asubuhi?"

"Sasa nisafishe saa ngapi? Watu wapite wapi?"

Ukasikika mlio wa vidole kwenye kompyuta.

"Basi mama, wewe ni mkazi wetu. Sheria ya kusafisha kabla ya saa mbili ni ya huku. Mtu aliyehama haifuati."

"Nimelelewa hivyo!"

"Ndivyo nilivyoandika," alisema karani.

Lorna alikata simu kwa hasira. Verlyn alikuwa amesikia kila neno, na pumzi zake alikuwa akizitumia kwa uangalifu.

Alifariki mwezi Machi, usiku wa kuamkia Ijumaa ya mshahara. Alfajiri theluji ilikuja kama kawaida, nzito kuliko zote. Watu wa mazishi walipiga simu kusema wako njiani na machela.

Chuy alikuja bila ndoo, kofia mkononi. Alimkuta Lorna ameshavaa buti.

"Acha leo, dada. Iache ilale. Ukisafisha, si ndiyo unawapa ushahidi tena?"

Lorna alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa moja na robo.

"Najua," alisema.

Akachukua beleshi, akasafisha kutoka mlangoni mpaka barabarani. Safari hii aliifanya njia pana zaidi, watu wawili waweze kupita na machela bila kuteleza. Kisha akamwaga chumvi, barafu isishike.