Waliokuja kwa Mluzi

Saa moja na dakika arobaini asubuhi, tarehe tisa Oktoba, umande ulikuwa umeganda juu ya mfuniko wa pipa la ngano. Ishbel Rennie, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa kutunza ndege wanaofugwa ili wawindwe, aliuvunja kwa kiwiko, akamwaga ngano njiani, akapiga mluzi: mara mbili kwa kuvuta, mara moja kwa kukata. Kwale wa mikia mirefu wakatoka msituni. Nyuma yao wakatoka watu thelathini na mmoja.

Walisimama kando ya kuta zisizo na paa, ambazo ndani yake misonobari ilikuwa imeota. Walivaa sufu nzito, wengi wao peku. Walisubiri ndege washibe, kisha wakaokota masazo.

Ishbel alimpigia simu Struan Baillie, mtunzaji mkuu, akamweleza, akampigia na mluzi ausikie.

"Unaupiga kwa sauti ya chini mno, binti," Struan alisema. "Mluzi wa chini huwaita na wale. Walitimuliwa bondeni miaka mia mbili iliyopita, kondoo wapate malisho. Usiwaandike kwenye daftari."

"Wanakula ngano, bosi."

"Hata panya wanakula. Umewahi kuwaandika panya?"

Ishbel aliishi peke yake katika kibanda cha mabati, kilomita kumi na nne kutoka dukani. Aliendelea kupiga mluzi wa chini. Kila asubuhi mwanamke mmoja, aliyebeba pipa la kusukia maziwa, alimuuliza swali ambalo watu wa bonde lile humuuliza kila mgeni. Aliuliza kwa Kigeli, lugha ya kale ya bonde lile, ambacho Ishbel hakuwahi kujifunza, lakini alikielewa.

"Wewe ni wa nani?"

"Wa chuo."

"Chuo hakizai."

Ishbel alicheka. Alikuwa hajacheka tangu Agosti. Kuanzia siku hiyo alikuja na biskuti mbili za shayiri, moja yake, moja ya mwanamke.

Mtihani ulikuwa tarehe ishirini na mbili Novemba. Mtahini alieleza masharti: ndani ya dakika ishirini, kila kilichomo msituni kiwe kimekurupushwa na kupita mbele ya wageni waliokuja kuwinda kwa bunduki. Akifaulu, Ishbel angepata kazi, na nyumba ya mawe yenye jiko la kuni. Akishindwa, angerudi mjini.

"Kila kilichomo?" Ishbel aliuliza.

"Msitu mtupu ni mtupu," mtahini alisema. "Hata sungura asibaki."

Baragumu likalia. Ishbel na wasaidizi kumi na wanne waliingia kwa mstari, wakigonga mashina kwa fimbo. Watu ndio waliotoka kwanza, wamebeba begani boriti za mapaa yao, kama walivyozibeba mara ya kwanza walipotimuliwa. Wageni walielekeza mitutu juu hadi watu hao walipopita. Mmoja alivua kofia.

Mwanamke aligeuka kwenye ukingo wa kijito.

"Wewe ni wa nani?"

Ishbel aligonga shina mara mbili. Mwanamke akavuka. Kisha ndege wakaruka, na bunduki zikaanza.

Zilikuwa zimepita dakika kumi na nane. Mtahini aliweka alama ya vyema. Struan akatoa ufunguo wa nyumba mfukoni.

"Si haba," alisema, "kwa mtu wa mjini."

Kesho yake, saa moja na dakika arobaini, Ishbel alivunja umande kwenye mfuniko. Alikuwa na biskuti mbili mfukoni. Alipiga mluzi wa chini, akaendelea kuupiga hadi saa tatu.

Walikuja kwale tisa.