Fomu ya Ridhaa ya Mama Mkubwa

Rendang ya harusi ya ukooni, nyama inayokaushwa kwenye tui, ilikuwa imeinjikwa tangu alfajiri, na Nofrisa alijua vizuri alichokuwa akifanya: mtu anayekoroga rendang hawezi kukimbia. Akiacha mwiko, tui linashika chini ya sufuria, na ukoo mzima utamsema mpaka Idi. Ndiyo maana alipanda basi kutoka chuoni Padang akiwa na fomu nne na moja ya akiba mkobani, akaingia jikoni kwa mama zake kule Payakumbuh akitabasamu kama mtu aliyekuja kusaidia.

Shida yake ilikuwa moja. Kwa miezi mitatu alikuwa amenakili kila neno la kundi la simu la mama yake na dada zake, akaandika utafiti wa kuhitimu kuhusu safari ya uvumi: nani anauanzisha, nani anautia chumvi, nani anausukuma mbele. Msimamizi wake aliisifu sana sura ya nne, kisha akauliza, "Wamesaini ridhaa?" Hawakuwa wamesaini. Hata kujua hawakujua. Jumatatu saa sita mchana fomu zisipokuwa mezani, sura ya nne inakwenda na maji, na Nofrisa anarudia muhula.

Mama yake, Elfiarni, alisaini bila kusoma, akarudi kwenye vitunguu vyake. Kundini pia ndivyo alivyokuwa: haandiki neno, anabandika kidole gumba tu. Katika sura ya nne alikuwa Mshiriki wa Nne, na habari zake zilijaa mstari mmoja: "Kimya. Hana mchango."

"Masomo gani haya yanayotaka sahihi yangu?" aliuliza Mama Mdogo Desmawarni, akikuna nazi.

"Vyombo vya habari, mawasiliano na sosholojia, Mama Mdogo."

"Yote matatu?"

"Kwa pamoja."

"Mtume! Kutazama runinga, kupiga soga na kuchungulia majirani. Mimi nimehitimu zamani, hawajaniletea joho tu." Akafuta mkono kwenye kanga, akasaini.

Lakini Mama Mdogo Yusnimar, ambaye hajawahi kuona mkoba akauacha umefungwa, alikwisha kuitoa sura ya nne. Akaisoma kwa sauti ya mtangazaji. "'Mshiriki wa Tatu alieneza kwamba tunda la durian kwa kahawa humaliza mtu kabla ya magharibi...' Ebo! Huyu si mimi?"

"Majina yamefichwa, Mama Mdogo."

"Umemficha nani? Muuza durian alinifuata mpaka mlango wa msikiti! Halafu mbona nimetajwa mara mbili tu? Ile ya daraja kufungwa niliianza mimi, Des akanipokonya."

"Nilikupokonya wapi? Ilikuwa haina miguu, nikaivalisha viatu."

Nofrisa aliapa kuiongeza habari ya daraja. Yusnimar akasaini. Zikawa tatu.

Mbele ya jiko, Mama Mkubwa Rosmaniar aliendelea kukoroga polepole. "Na wa Kwanza?"

Yusnimar akasoma, sasa kwa sauti ndogo. "'Mshiriki wa Kwanza ndiye chemchemi. Uvumi saba kati ya kumi huanzia kwake.'"

"Ni sifa, Mama Mkubwa," Nofrisa aliwahi. "Bila chemchemi hakuna mto."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Uliingia kundini mwezi wa tatu, ukakaa kimya. Nikasema, mtoto wa Elfi ana adabu, anasikiliza wakubwa. Kumbe ana daftari! Sisaini."

"Nitarudia muhula, Mama Mkubwa."

"Utarudia kwa afya njema."

Nofrisa alihisi machozi, akayasingizia vitunguu. Akashika mwiko, akakoroga badala ya Mama Mkubwa. Rosmaniar akafuta mikono.

"Unayo fomu tupu?"

Ilikuwepo ile ya akiba.

"Des, andika. 'Mimi Nofrisa ninakubali kwa hiari yangu kuchunguzwa na mama zangu. Jina langu halitafichwa.'"

"Hapa pameandikwa mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote," alisema Desmawarni.

"Futa. Ukoo haujitoi."

Nofrisa alisaini, mkono mmoja ukiwa bado kwenye mwiko. Rosmaniar naye akasaini, kwa madaha, kama waziri anayefungua barabara. Kisha akatoa simu kifuani.

Simu nne zikalia pamoja.

"Mtafiti ameridhia," aliandika Mama Mkubwa. "Mada ya kwanza: yule kijana wa pikipiki nyekundu."

"Niliwaona wakinywa chai ya yai," akaandika Desmawarni.

"Wana miaka miwili!" akaandika Yusnimar. Walikuwa na miezi mitano.

Nofrisa alifumba macho. Huku kwao ukoo wa binti ndio unaokwenda kuposa, na hawa wakishapata jina, watakuwa barabarani na vikapu vya nazi na tambuu kabla rendang haijakauka. Ahueni yake ilikuwa hiyo tu: jina hawana.

Simu ikalia mara ya nne.

"Anaitwa Zulfikar. Kwao Batusangkar. Mama yake nimeshazungumza naye. Kuposa tusubiri mtoto ahitimu."

Nofrisa alitazama jina la mwandishi, akainua kichwa. Elfiarni alikuwa akikata vitunguu, simu imeegemea bakuli, hata hakugeuka.

Polepole Nofrisa akaivuta sura ya nne kutoka mkononi mwa Yusnimar, akautafuta mstari wa Mshiriki wa Nne, akaukata kwa kalamu.