Mtu Mmoja kwa Kila Nyumba

Mama Mirbat alikuwa anamkamua mbuzi mwekundu wakati Payo Jan, maliki, yaani mkuu wa kijiji, alipobisha. Maliki alibaki nje ya lango, maana ndani hamkuwa na mwanamume. Mirbat, mwana wa pekee, alikuwa msituni akiangua mbegu za misonobari.

"Mama Mirbat, wapiganaji wa mlimani wanataka mtu mmoja kila nyumba. Asiyetoa, nyumba inachomwa."

"Jana si ulikuja kutaka mtu wa serikali?"

"Jana ilikuwa jana. Mimi maliki wa wote, mama."

"Wewe wa wote, na mimi mwana ninaye mmoja."

"Ndiyo maana nimekuja mapema."

Bendera hufuata upepo, na kwetu Waziristan upepo haupumziki. Kesho yake Mirbat aliamka akiwa watu wawili, kila mmoja na kovu lile lile la mundu kidevuni, wakigombea siagi. Mama aliwaongezea chai. Mmoja akapanda mlimani, mwingine akashuka kambini kwa serikali. Maliki aliwaandika wote wawili, akaisifu nyumba isiyo na usumbufu.

Walipigana majira yote ya baridi. Mama alikuwa amechoka hata kuomba, lakini aliomba.

Theluji ilipoyeyuka, pande mbili zikapatana. Kondoo wakachinjwa, maadui wakala sinia moja. Orodha zilipounganishwa, Mirbat akaonekana mara mbili.

"Mmoja jasusi," kamanda mmoja akasema. "Mama aseme yupi."

"Wote nimewazaa," mama akajibu nyuma ya lango. "Kwa uchungu mmoja."

Wakamchukua aliyekuwa karibu, wakampiga risasi kabla ya adhuhuri.

Maliki alikuja kutoa pole. "Mama, ulizaa mmoja, unaye mmoja. Umepungukiwa nini?"

"Umeshiba kondoo, Payo. Nenda zako."

Mirbat aliyebaki alichimba kaburi mwenyewe. Hakuhitaji kamba ya kupimia. Alijilaza humo mara moja, akaona linatosha.

Mapatano yalivunjika kabla udongo haujakauka. Maliki akabisha tena.

"Mlimani mmoja, serikalini mmoja," akasema. "Kama mwaka jana, mama. Wengine wananipa tabu, lakini nyumba hii najua mnaweza."

Mama Mirbat alilia, tena kwa sauti, bila kujali nani anasikia. Kisha akaingia jikoni, akakanda unga wa watu watatu.