Dakika ya Bwana Hautecroix

Kila fundi aliyefanya kazi na Ghislaine Vanhoutte alilijua neno lake moja: "Tena!" Miaka ishirini alikuwa akiwapiga filamu wachimba makaa na wafuma nguo wa kaskazini ya Ufaransa, na wenye viwanda walimwogopa kama moto. Bwana Hautecroix peke yake ndiye aliyemkaribisha. Mzee alipenda sifa, na akina Vanhoutte wako tele mjini Roubaix, kama viazi, hivyo jina lake halikumshtua.

Ghislaine hakuwa amesahau. Baba yake alisagwa na mashine ya nyuzi katika kiwanda cha mzee huyu, na ripoti ikaandika: "Alikuwa amelewa." Mtu ambaye hata siku ya harusi yake hakuonja bia! Mamake, Odile, aliitwa mjane wa mlevi kwa miaka thelathini. Hilo lilimchoma Ghislaine kila siku, naye alitaka limchome mwingine.

Katika mahojiano mzee alirudia kwamba mfanyakazi yule aliyesagwa alikuwa amelewa. Mahojiano yalipokwisha, kamera ikazimwa. "Sasa naomba dakika moja ya kimya," alisema. "Fundi wetu anarekodi sauti ya chumba kitupu."

Ndiyo desturi ya kazi hiyo: sauti hiyo huziba mapengo ya filamu. Lakini Ghislaine aliwajua wakubwa: kwao, kunyamaza ni kazi ya watumishi.

Sekunde ishirini hazijafika, mzee akamwinamia mkwewe aliyeketi kando na kumnong'oneza, kipaza sauti kikiwa bado kifuani mwake. "Umeona? Kameza hadithi yangu nzimanzima, ulevi na yote!"

"Kwani yule hakulewa, baba?"

"Alewe wapi! Kifuniko cha mashine nilikitoa mimi, kazi iende mbio."

Fundi wa sauti, vipokea sauti masikioni, alimkodolea macho Ghislaine. Ghislaine alitikisa kichwa: usizime. Kisha akamshukuru mzee na kunywa kahawa yake yote.

Filamu ilionyeshwa kwanza katika ukumbi wa chama cha wafanyakazi. Bwana Hautecroix alikaa mbele, kavaa tai ya hariri, akingoja makofi. Mwishoni picha ikawa kiti chake kitupu, na juu yake sauti yake mwenyewe ikikiri habari ya kifuniko. "Alewe wapi!"

Mzee aliinuka atoke, lakini wafumaji waliojaa mlangoni hawakusogea hata kidogo.

Mama Odile, miaka themanini na miwili, alisimama kwa fimbo yake. Hakumtazama mzee. Alimtazama mwanawe.

"Ghislaine, mwanangu," alisema. "Tena."

Ghislaine akarudisha mkanda nyuma.