Maumivu ya Mama Shuka

Saa tatu asubuhi Mama Shuka alilazwa kwa ubavu kwenye kitanda cha mashine hospitalini, nyonga yake ya kushoto imeegemea mfuko wa maji baridi. Jina hilo alipewa kazini, katika chumba cha kufulia cha hoteli, alikopiga mashuka pasi kwa miaka kumi na tisa. Saratani ilianzia kwenye titi, ikaingia mfupani bila kupiga hodi.

Mtaalamu wa mashine alimweleza tena, taratibu, kwamba mawimbi ya sauti yangekusanywa mahali pamoja, yaunguze mishipa ya fahamu iliyoushika mfupa. Saratani ingebaki. Kinachoondoka ni maumivu.

"Yanaenda wapi?" akauliza mdogo wake, aliyemsindikiza.

"Inategemea," mtaalamu akajibu, akamkabidhi Mama Shuka kitufe cha kusimamisha mashine akizidiwa.

Hakukibonyeza. Joto lilikuja, likakaa kidogo, likaondoka, likarudi. Kwenye pigo la kumi na moja maumivu yakatoka. Yalikuwa na kimo cha mtu mzima na rangi ya majivu, yameinamia upande mmoja. Yalichechemea hadi kwenye benchi la ukumbini, na mgonjwa mmoja akajisogeza kuyapisha.

"Mtaondoka nayo," muuguzi alisema huku akijaza fomu. "Hapa hatuna pa kuyaweka."

"Unajisikiaje, dada?" mdogo wake akauliza.

"Sisikii kitu."

Kwenye ngazi mdogo wake aliyashika maumivu mkono, kwa mazoea ya miezi minane ya kumshika dada yake.

Jumatatu Mama Shuka alirudi kazini, maumivu nyuma yake. Msimamizi, mwanamume mwenye sauti ya upole, ndiye aliyemwandikia barua mbili za onyo kwa kutegea kazi. Aliyatazama maumivu kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Ndiyo haya?"

"Ndiyo haya."

"Poleni sana," msimamizi akayaambia maumivu.

Akaingia ofisini, akatoka na kiti chake mwenyewe, chenye mto, akakiweka dirishani, mahali mvuke usipofika. Maumivu yakakaa. Akayaletea maji ya kunywa. Mpiga pasi wa meza ya pili akapunguza redio.

Mama Shuka alikuwa na neno, amelipanga tangu nyumbani.

"Bosi, zile barua zangu."

"Zimo kwenye faili," akajibu bila ubaya. "Ila sasa huna tena sababu ya kuchelewachelewa. Huumwi. Maumivu si yale pale, yamekaa?"

Mama Shuka alitazama dirishani. Ni kweli, yalikuwa yamekaa, yamefumba macho, na mkono mmoja umelala nyongani. Alingoja hasira ije. Alingoja muda wa kutosha pasi kupata moto; haikuja.

Kisha akavuta shuka kutoka kwenye kapu, akalitandaza mezani, akaanza na upindo. Alisimama hadi saa kumi jioni, akikanyagia miguu yote miwili, na hakuna aliyemuuliza lolote.