Malkia wa Dirishani

Bosi wa kiwanda cha dawa ya kutakatisha nguo alikuwa haambiliki, na ubishi wake wote ulikaa dirishani mwa ofisi yake, ndani ya chupa ya kioo iliyofungwa utepe mwekundu. Chupa hiyo aliiita Malkia. Ilikuwa dawa ya kwanza kabisa aliyoitengeneza na mkewe, kwenye beseni nyuma ya nyumba, siku ambayo majirani walikohoa mpaka wakahamishia viti vyao ng'ambo ya barabara. Bosi hakukisahau kikohozi kile. Kila mgeni alipoingia alionyeshwa Malkia ikimeremeta juani, na Bosi akajipiga kifua.

Mkewe ndiye aliyekuwa mpimaji. Wafanyakazi walimwita Mama Tone, maana kila asubuhi alipima nguvu ya dawa tone kwa tone, na aliyemsemesha kabla hajamaliza alikiona cha moto. Bosi aliupita upimaji huo kimyakimya, kama mtu anayepita penye sala za wenzake, na hakuuamini hata chembe. Yeye alikuwa na pua.

Siku ya mkaguzi alivaa suti mpya nyeusi. Hospitali ilikuwa tayari kununua dawa yao, mradi ipate kibali. Bila kibali mashine zingezimwa, na kina mama wa kufunga chupa wangerudi nyumbani, unga umemwagika. Utaratibu wenyewe ulikuwa mwepesi: mwenye kiwanda anachagua chupa moja, anaipiga lakiri, na hiyo ndiyo inayopimwa.

"Mume wangu, toa ya kwenye tangi," alisema Mama Tone. "Nimeipima leo. Ni kali."

"Mkaguzi mzima nimpe dawa ya leo asubuhi? Nimeshamwekea Malkia."

"Ile iliyoota jua miaka yote? Si nimekwambia kila mara, jua linaila dawa!"

"Linaiivisha!"

Mama Tone akataka kuinyakua chupa, lakini lakiri ilikuwa imeshakauka.

Mkaguzi hakuwa mtu wa maneno. Alivaa glavu, akamimina dawa kidogo kwenye glasi, akatia chembechembe nyeupe, kisha akadondosha asidi. Akatikisa. Malkia ikabaki angavu vilevile.

"Umeona!" Bosi akapiga makofi. "Haina uchafu hata punje!"

Aligeuka amkonyeze mkewe, akamkuta ameushika ukingo wa meza kwa mikono miwili.

"Inatakiwa igeuke kahawia," alisema mkaguzi. "Ikikoza, ndiyo kali. Haya yamebaki maji ya chumvi tu."

Bosi aliwaona kina mama wa chupa wamejazana mlangoni, wameacha kazi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo aliogopa. Akatimka mbio hadi kwenye tangi, akafungua bomba, akajaza jagi.

"Usikimbie nalo!" alipiga kelele mkewe.

Alikimbia nalo. Kizingitini akajikwaa, na nusu ya jagi ikaishia kwenye suruali. Ofisi nzima ikaanza kukohoa. Mkaguzi akafuta machozi, akaitazama suti mpya ikigeuka rangi ya matofali kuanzia pajani kwenda chini.

"Hii sasa ni dawa," alikiri.

"Basi iandike, ndugu yangu!"

"Nitaandikaje? Suruali haina lakiri. Ombeni tena mwakani."

Akakusanya vifaa vyake, akaaga kwa adabu, akaondoka.

Mama Tone alimmwagia mumewe maji safi miguuni, ndoo nzima, bila kumtukana. Kisha akavua aproni yake na kumfunga kiunoni, ili apate sura ya kutoka kwenda kuwaambia kina mama. Wengine walikuwa wameshaanza kukunja sare zao.

"Na Malkia?" aliuliza Bosi kwa sauti ndogo.

Mkewe akaibeba chupa hadi kwenye sinki, akafungua utepe, akaimwaga taratibu. Bosi alisimama karibu, pua mbele, akisubiri.

Hakuna aliyekohoa.